Gasketi ya hedi ikiungua: namna ninavyoirudisha injini ya Fuso kazini

Dereva anayeingia gereji kwangu hapa Tororo na lori linalochemsha huwa ameshajipimia ugonjwa: "Fundi, gasketi imeungua, nibadilishie niendelee na safari." Gasketi hiyo ni bamba jembamba linaloziba kati ya hedi, yaani kichwa cha injini, na bloki yenye silinda. Mara nyingi ni kweli imeungua. Lakini gasketi huunguzwa, na ukiibadilisha bila kumtafuta aliyeiunguza, lori litarudi, tena litarudi likivutwa. Nitaeleza namna ninavyoifungua na kuifunga injini ya namna hiyo. Mfano wangu ni Mitsubishi Fuso yenye 6D16, silinda sita, lita 7.5, kwa sababu ndiyo ninayoishika zaidi. Kama lako ni Isuzu au Hino, utaratibu ni ule ule. Vipimo vichukue kwenye kitabu cha injini yako.

Hakikisha ni gasketi kweli

Asubuhi injini ikiwa baridi, fungua mfuniko wa redieta, jaza maji mpaka juu, kisha mwambie tanboi, msaidizi wa dereva, apige stata wewe ukiangalia. Mapovu yakianza kupanda papo hapo, kabla maji hayajapata moto, gesi ya silinda inaingia kwenye maji. Shika pia mpira wa juu wa redieta: ukiwa mgumu dakika chache tu baada ya kuwasha, ni dalili ile ile. Kuna moshi mweupe usioisha hata injini ikipata moto, na kuna oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa kwenye fimbo ya kupimia.

Hapa ndipo mafundi vijana wanaponiudhi, maana wakiona mapovu tu wanakimbilia spana. Lori la breki za hewa lina kompresa inayopozwa kwa maji ya injini. Gasketi ya kompresa ikipasuka, hewa inasukumwa ndani ya maji na mapovu yanafanana kabisa. Acha mitungi ya hewa ijae mpaka gavana, kidhibiti cha presha ya hewa, ikate. Kama mapovu yanakoma kompresa ikipumzika, halafu ukikanyaga breki mara kadhaa ikaanza kujaza tena na mapovu yakarudi, basi tatizo ni kompresa, na umemwokolea mwenye gari pesa nyingi. Kipoza oili nacho kina tabia yake. Injini ikitembea, oili ina presha kubwa kuliko maji, kwa hiyo kipoza kikitoboka oili inaelea kwenye redieta bila mapovu yoyote ya gesi. Kikague kabla hujagusa hedi.

Kufungua

Ukishuku kuna maji ndani ya silinda, stata isipigwe tena. Maji hayabanwi, na pistoni ikiyakuta huko juu, kinachopinda ni konrodi. Toa nozeli zote kwanza, ndipo uzungushe krenki kwa spana, polepole, maji yatoke kwenye matundu ya nozeli.

Iache injini ipoe usiku mzima. Hedi ikilegezwa ingali moto inapinda, hata kama ilikuwa imenyooka. Mwaga maji, mwaga oili kwenye beseni safi uione, tenga betri. Bolti za hedi zilegeze kuanzia nje kuja katikati, robo mzunguko kila moja, urudie mpaka zote zilegee. Pushi rodi zipange kwenye boksi lililotobolewa matundu na kuandikwa namba, kila moja irudi kwenye nyumba yake. Kama nozeli bado ziko kwenye hedi, usiilaze hedi kifudifudi juu ya meza: ncha zake zinatokeza chini na zitavunjika. Na hedi ya silinda sita usiibebe kwa mikono. Tumia cheni bloki, hata kama ni ya kuazima kwa jirani.

Soma gasketi ya zamani

Hiki ndicho kipande cha kazi ninachokipenda, na sikubali mtu aitupe gasketi kabla sijaisoma. Ipeleke kwenye mwanga wa jua. Kati ya pete mbili za gasketi zinazozunguka silinda, au kutoka pete kwenda kwenye tundu la maji, utaona njia nyeusi ya masizi, wakati mwingine nyembamba kama uzi. Hapo ndipo gesi ilipopita. Iweke juu ya bloki ilivyokuwa uone inaangukia silinda gani. Halafu tazama pistoni. Pistoni zote zitakuwa nyeusi isipokuwa moja inayong'aa kana kwamba imesuguliwa, kwa kuwa mvuke umekuwa ukiiosha. Njia nyeusi na pistoni safi zikikubaliana, umempata mgonjwa.

Njia ikiwa moja tu, pembeni, nashuku bolti zilizokazwa vibaya au hedi iliyopinda upande huo. Nikikuta pete kadhaa zimeungua na raba za matundu ya maji zimekauka na kukatika, najua injini nzima imechemka muda mrefu na dereva akaendelea kukanyaga. Lori la namna hiyo litafunguliwa mpaka chini.

Kupima

Safisha sura ya hedi na ya bloki kwa kikwaruzo na sponji laini. Usitumie grainda yenye brashi ya waya. Inachimba chuma, na vumbi lake likiingia kwenye njia za oili litakula beringi. Chukua rula ya chuma iliyonyooka kweli, iweke kwa urefu, kwa upana na kwa pembe zote mbili, kila mara ukijaribu kupitisha fila geji, kile kibati chembamba cha kupimia mwanya, chini yake. Ya 0.05 mm isipopita, nimeridhika. Ya 0.10 ikipita mahali popote, hedi inaenda kuchongwa. Vitabu vingine vinaruhusu zaidi ya hapo, lakini lori linalopanda milima ya Kabale na saruji mgongoni sitalifunga kwa kipimo cha mwisho cha kitabu.

Kuchonga nako kuna mpaka. Kila kinachopunguzwa kinazisogeza valvu karibu na pistoni na kuzitokeza zaidi ncha za nozeli, kwa hiyo mchongaji akuambie ametoa kiasi gani, na upime tena valvu zimezama kiasi gani. Zipo injini ambazo gasketi zake zinakuja kwa unene tofauti, zikiwa na makato pembeni ya kuzitambulisha. Huko unene unachaguliwa kwa kupima pistoni inavyotokeza juu ya bloki.

Kabla ya kulipia kuchonga, dai hedi ijazwe presha ndani ya maji ya moto. Ufa mdogo kati ya viti viwili vya valvu hauonekani kwa macho, ila ukipata moto unafunguka. Hakuna hasara inayouma kama kuweka gasketi mpya chini ya hedi yenye ufa.

Bloki nayo ipime kwa rula ile ile. Watu wanaisahau.

Chini kufunguliwe au la?

Kama oili ilibaki safi na pistoni hazina mikwaruzo, naishia juu. Kama oili iligeuka maziwa na lori likaendelea kutembea, nashusha sampu, beseni la oili la chini ya injini, bila mjadala. Maji hayalainishi. Beringi za konrodi zitakuwa zimechubuka mpaka rangi ya shaba inaonekana, na beringi mpya hazisaidii kitu kama krenki yenyewe imelika. Pima kila shingo ya krenki kwa maikromita, mahali pawili au patatu. Ikilika, inasagwa na kupewa beringi za saizi yake, 0.25 mm, 0.50 mm na kuendelea.

Pistoni zilizopata moto mkali huacha mistari kwenye silivu, bomba la ndani ya silinda. Pitisha ukucha: ukikwama, silivu na pistoni zinabadilishwa. Ringi zilizochemka zinapoteza mkazo hata zikionekana nzima, kwa hiyo pistoni ikishatolewa, ringi za zamani hazirudi. Ringi mpya iingize peke yake kwenye silivu, inyooshe kwa kuisukuma na kichwa cha pistoni, upime mwanya wa ncha zake. Unapozipanga kwenye pistoni, myanya isielekee upande mmoja. Ukifunga kila kifuniko cha beringi, zungusha krenki kwa mkono. Ikianza kuwa nzito baada ya kifuniko fulani, simama hapo hapo, kifungue kile kile.

Kufunga hedi

Gasketi nunua ukiwa umebeba ya zamani. Pale Kisekka, soko la vipuri la Kampala, utapata za kila bei. Zilaze moja juu ya nyingine, matundu yote yalingane, pete za silinda ziwe na ukubwa ule ule, na unene ulingane. Iliyo nyepesi sana mkononi, mwachie muuzaji mwenyewe.

Matundu ya bolti kwenye bloki yapulize mpaka yakauke kabisa. Oili au maji yakibaki chini ya tundu lisilotokea upande wa pili, bolti itayabana, toki renchi itasoma kwamba umekaza kumbe hedi haijashikwa, na bloki inaweza kupasuka. Nyuzi za bolti pakaza oili kidogo, na chini ya kichwa chake pia. Gasketi inakaa kavu, upande wake wa juu ukiwa juu. Silikoni usiitie.

Kaza kuanzia katikati ukitoka nje kwa kuzunguka, kwa awamu tatu, ya mwisho ikiwa kipimo cha kitabu. Kwa "kuhisi mkono" hapana. Mkono umechoka jioni, na silinda sita zinataka mkazo mmoja.

Tapeti za 6D16, yaani mwanya unaoachwa juu ya valvu, ni 0.40 mm, za kuingiza na za kutoa, injini ikiwa baridi. Mpangilio wa kuwaka ni 1-5-3-6-2-4, na huo unakupa njia rahisi: valvu za silinda ya 6 zikipishana, moja ikifunga na nyingine ikianza kufunguka, panga tapeti za 1. Za 2 zikipishana, panga 5. Za 4, panga 3. Za 1, panga 6. Za 5, panga 2. Za 3, panga 4.

Mchomaji yuko wapi?

Fanya hili kabla ya kutia maji. Redieta itolewe, ifunguliwe na kuoshwa. Katikati ya redieta na intakula, kipoza hewa ya turbo, kunajaa matope na wadudu ambao hose ya mbele haiwafikii. Themostati ijaribiwe kwenye sufuria ya maji ya moto. Madereva wengi wanaing'oa wakidhani wanapoza injini. Kwa injini nyingi, ikitolewa, njia ya mkato inabaki wazi na sehemu ya maji inarudi kwenye bloki bila kupita redieta, basi mlimani inachemsha zaidi. Mfuniko wa redieta usidharauliwe. Kampala iko kama mita 1,200 juu ya bahari, na hapo maji yaliyo wazi yanachemka karibu nyuzi 96. Kabale, iliyo juu zaidi, yanachemka chini ya nyuzi hizo. Mfuniko wenye springi nzima ndio unaoyazuia yasichemke mpaka yapite nyuzi 100. Springi ikichoka, umeshapoteza ulinzi huo.

Muulize dereva kwa upole kama pampu ya dizeli ilifunguliwa ili lori livute zaidi. Dizeli ya ziada ni moto wa ziada. Na maji ya kinamasi wanayochota njiani yanaacha matope kwenye koti la bloki. Tia kulanti iliyochanganywa na maji safi.

Kuwasha

Tia oili ya bei nafuu kwanza kama ya zamani ilikuwa na maji. Vuta kebo ya kuzimia, piga stata kwa vipindi vifupi mpaka geji ya oili ipande, ndipo utoe hewa kwenye dizeli kwa pampu ya mkono na kuwasha. Iache isailensi, yaani inguruме polepole bila kukanyagwa, mfuniko ukiwa wazi, ukiongeza maji kadiri hewa inavyotoka. Baada ya robo saa, zima injini, mwaga oili hiyo, weka filta mpya na oili yenyewe.

Likipoa, kaza tena bolti kama kitabu kinataka, kisha rudia tapeti. Dereva namwambia aende Mbale na kurudi na mzigo mwepesi, asishikilie mwendo mmoja, na kila akisimama aangalie maji kwenye tangi la akiba, si kwa kufungua redieta ya moto. Akifika kilomita 1,000 alilete nimwage oili na kupima tapeti mara ya mwisho, halafu apakie tani zake.