Kubana picha za tovuti zifunguke haraka kwenye simu

Picha ya pikseli 4000 kwa 3000 ikifunguliwa kwenye simu hula takriban MB 48 za RAM, hata kama faili lake umelibana likafika KB 300. Kivinjari hulifumua faili kabla ya kulionyesha, na kila pikseli hushika baiti 4. Kwa hiyo anza kupunguza vipimo, ubora ufuate baadaye. Wengi hufanya kinyume, ndiyo maana kurasa zao hazili bando lakini bado hukwama kwenye simu yenye RAM ya GB 2.

Hatua ya 1: Chagua upana. Skrini za simu nyingi za Android zina upana wa pikseli 720 au 1080. Tengeneza nakala mbili, moja kwa kila upana. Ile ya 1080 kwa 810 itakula RAM kama MB 3.5 tu.

Hatua ya 2: Punguza vipimo kutoka picha ya asili. Usitumie picha iliyokwisha kupita WhatsApp. JPEG hupoteza kitu kila inapohifadhiwa upya, na hasara hiyo hairudi. Ukiwa na ImageMagick 7, programu ya kuhariri picha kwa amri, andika kwenye terminali:

`magick asili.jpg -auto-orient -profile sRGB.icc -resize "1080x>" -strip soko-1080.png`

Mpangilio wa amri hii una maana. Kamera ya simu mara nyingi huhifadhi picha ikiwa imelala, kisha huandika pembeni upande wa kuigeuzia. `-strip` hufuta maandishi hayo, kwa hiyo iweke baada ya `-auto-orient`, picha isije ikabaki imelala. Hufuta pia mahali picha ilipopigiwa, jambo muhimu sana kama ilipigwa nyumbani kwa mtu. `-profile` huhamishia rangi kwenye sRGB, mfumo wa rangi wa kawaida wa wavuti. Ukiiruka, picha za iPhone zinaweza kupauka baada ya kufutiwa taarifa za rangi. Hakikisha faili la sRGB.icc limo kwenye folda unayofanyia kazi.

Alama ya `>` huzuia picha ndogo isikuzwe. Izungushie alama za nukuu, la sivyo terminali itadhani unataka kuandika kwenye faili. Tokeo ni PNG kwa makusudi, ili picha isipoteze ubora mara mbili. Kwa nakala ya pili, rudia hatua hii na inayofuata ukiweka 720 badala ya 1080.

Hatua ya 3: Bana kwa cwebp, programu inayogeuza picha kuwa WebP, aina ya faili la picha lililo dogo.

`cwebp -q 75 -m 6 soko-1080.png -o soko-1080.webp`

`-m 6` huchukua muda zaidi kwenye kompyuta yako lakini hutoa faili dogo. Msomaji halipii muda huo. Tengeneza na JPEG ya ubora 75 hadi 80 kwa ajili ya iPhone zenye iOS ya chini ya 14, ambazo hazisomi WebP, uiweke ndani ya `<picture>` kama akiba.

Picha zenye maandishi, nembo au picha za skrini zina dawa yake: `cwebp -lossless`. WebP ya kawaida hupunguza taarifa za rangi hadi robo, kwa hiyo herufi nyekundu juu ya rangi nyingine hutoka na ukungu hata ukipandisha ubora hadi 100.

Hatua ya 4: Kiachie kivinjari kichague. Huu ni mfano wa WebP peke yake, bila ile JPEG ya akiba.

`<img src="soko-720.webp" srcset="soko-720.webp 720w, soko-1080.webp 1080w" sizes="100vw" width="1080" height="810" alt="Soko la samaki">`

Usiache `width` na `height`. Bila hizo kivinjari hakijui kitenge nafasi gani, na maandishi huruka chini picha inapofika, msomaji akabonyeza asichokusudia. Picha za chini ya ukurasa ziongezee `loading="lazy"`, zipakuliwe pale tu msomaji anapozikaribia. Ile ya juu kabisa usiiongezee: utaichelewesha bure.

Hatua ya 5: Kagua kwenye simu ya bei nafuu, si kwenye kompyuta. Tazama anga, ngozi za watu na kingo za herufi. Ukiona vijisanduku au mistari kwenye anga, pandisha `-q` (ubora) kwa 5, urudie kuanzia ile PNG.