Jinsi ya kupima kama seli za kinga zinameza vimelea vya malaria

Kipimo hiki kinaonyesha kama kingamwili za mtu zinasaidia seli za kinga kumeza chembe nyekundu zenye vimelea. Hapa tunatumia THP-1, seli za ukoo wa monosaiti (seli nyeupe za damu zinazomeza wavamizi) wa binadamu zinazokuzwa maabara. Monosaiti za damu mbichi zinafaa pia, ila kila mchangiaji huja na tabia zake. Seramu (maji ya damu yenye kingamwili) na damu ni za watu, kwa hiyo vaa glavu na fanya kazi ndani ya kabati la usalama.

1. Kuza Plasmodium falciparum, kimelea cha malaria, ndani ya chembe nyekundu za damu katika kimiminika cha lishe RPMI 1640, nyuzi 37, gesi yenye kabonidioksidi 5% na oksijeni kidogo. Njia hii ipo tangu 1976, kazi ya Trager na Jensen. Chembe nyekundu ziwe za kundi O, na hapo usilegeze. Seramu nyingi zina kingamwili dhidi ya A au B. Ukiweka chembe za kundi A, zitamezwa kwa sababu ya kundi la damu, nawe utashangilia kinga ya malaria isiyokuwepo.

2. Subiri vimelea wapite hatua ya pete, yaani uchanga wao, wakionekana kama pete. Wakishakomaa, protini PfEMP1 hujitokeza kwenye ngozi ya chembe na kingamwili hupata pa kushika. Wachuje kwa safu ya sumaku: hemozoini yao (mabaki ya himoglobini waliyokula) ina chuma, hivyo wanabaki humo na chembe nzima zinapita.

3. Wape rangi ya ethidiamu bromaidi. Chembe nyekundu haina DNA yake, hivyo kinachong'aa ni kimelea. Rangi hii ni hatari, isiguse ngozi.

4. Changanya na seramu unayoipima, iliyokwisha kupashwa nyuzi 56 kwa dakika 30, ili kingamwili zishike chembe, kisha osha.

5. Weka chembe 10 zenye vimelea kwa kila THP-1 moja, nyuzi 37, dakika 40 hivi. Ukizidisha muda, hata zisizo na kingamwili zitaanza kumezwa.

6. Pasua chembe zilizobaki nje ya THP-1 kwa amonia kloraidi, osha kwa baridi, soma kwenye saitomita, mashine inayohesabu seli zinazong'aa.

Kila sahani iwe na vilinganishi: bila seramu, seramu ya watu wasiowahi kuishi penye malaria, mchanganyiko wa seramu za watu wazima waliokulia penye malaria, na kisima (kishimo kimoja cha sahani) chenye sitokalasini D, dawa inayozuia seli kumeza. Kisima hicho kiking'aa, chembe zimenata nje tu. Usitoe namba yake kwenye hesabu ukaendelea. Rudia hatua ya 6, kisha kagua slaidi iliyotiwa rangi ya Giemsa kwa darubini, ukitumia lenzi ya mafuta.