Kamba wabichi: nenda na barafu yako

Ukienda Feri, soko la samaki la Dar es Salaam, kununua kamba, beba ndoo yenye barafu iliyopondwa, na itoboe chini. Maji ya barafu yakituama, kamba wanalowa kwenye supu ya vijidudu.

Na ule mtindo wa kuwasuuza kwa maji ya bahari pale pale ufukweni, mimi siutaki kabisa. Bakteria aina ya Vibrio parahaemolyticus makao yake ni maji ya chumvi yenye uvuguvugu, na kwa joto la Dar wanaweza kuongezeka maradufu ndani ya nusu saa. Suuza kwa maji ya bomba, safi na baridi.

Vichwa ving'oe mapema, maana tumbo limo humo. Shingo ikilegea hadi kichwa kinaning'inia, muulize muuzaji amelala nao tangu lini. Weusi kidogo kwenye gamba, hata hivyo, si lazima uwe uozo. Ni kazi ya vimeng'enya, yaani kemikali za mwili wa kamba mwenyewe. Pua ndiyo hakimu.

Friza huwalaza bakteria, haiwaui wote. Pika mpaka nyama iache kuwa kama kioo, hadi ndani. Ubao wa kamba usikatie kachumbari.