Kabla hujaunda klasi, jaribu tebo kwanza

Vijana wa Mtwara na Lindi mnaojifunza kuandika programu, wengi mnaanza na mradi wa korosho na ni sawa kabisa, sasa tuuchukue huohuo. AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) inapokea mzigo, inapima, bei inatoka mnadani, makato yanatolewa, mkulima analipwa. Mtu akikaa tu kwenye kompyuta anaunda klasi (kiolezo kinachobeba data na kazi zake pamoja) ya Zao, chini yake Korosho, Ufuta, Mbaazi, halafu klasi nyingine ya kuzalisha hizo klasi, na hajahesabu hata kilo moja jamani.

Anza kujiuliza hapo kinachobadilika ni nini. Bei inabadilika kila mnada, makato yanaweza kubadilika kila msimu, kwa hiyo hivyo ni data tu, viweke kwenye tebo, yaani jedwali, karani abadilishe mwenyewe bila kukutafuta. Hesabu yenyewe haibadiliki, hiyo ni fankisheni moja, yaani kipande cha programu kinachopokea namba na kurudisha jibu: tuseme kilo 120, bei 3,000, makato 150 kwa kilo, mkulima anabaki na 342,000. Basi. Klasi utaitaka pale kitu kinapotunza hali yake na kuhama hatua kwa hatua, mfano stakabadhi ya ghala. Fremuwaki, yaani mfumo mzima wa kujengea programu, mwisho kabisa. W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, waliliandika hili mwaka 2006 kwa upande wa wavuti, kwamba chukua lugha yenye nguvu ndogo inayotosha kazi, maana data iliyo wazi mwingine anaweza kuisoma na kuitumia kwa namna ambayo hukuiwaza, ila kodi (maandishi ya programu, siyo ya TRA) mara nyingi mpaka uiendeshe ndo ujue inafanya nini.

Kwenye kurudia kodi ndo watu wanaharakisha sana. Kodi ya risiti ya korosho na ya risiti ya ufuta zikifanana ziache mbili, subiri ya tatu ije ndo uone kweli kinachofanana ni kipi. Na kama ulishaunganisha, ukaona fankisheni imeanza kubeba vigezo vya ndiyo au hapana kama ni_korosho, ina_daraja, ruka_makato, ujue zimekataa kukaa pamoja: irudishe kodi yake kila inapoitwa, futa matawi ya "kama" (if) ambayo sehemu hiyo haiyatumii, halafu tazama upya. Inauma kufuta kazi ya wiki nzima, lakini futa, ya zamani ipo Git, inayotunza matoleo yote ya kodi.

Kupima kama umefika, mpe mwenzako aongeze kato jipya uone anafungua faili ngapi. Ikitosha kuongeza mstari mmoja kwenye tebo, acha hapo hapo, usiguse tena.