Jinsi ya kurekebisha anga linaloongozwa kwenye uwanja mdogo wa ndege

Anga linaloongozwa ni sehemu ya anga ambamo waongoza ndege ndo wanasimamia ndege zinazopita. Wengi wakipewa kazi ya kulirekebisha wanachukua ramani, wanachora duara kubwa kuzunguka uwanja, basi. Hapo ndo tatizo linapoanzia, manake ndege haziji kwa duara, zinakuja zimenyooka na njia ya kurukia.

Anza na rekodi za rada na za mnara wa kuongozea ndege, uone ndege za ratiba zinaingilia wapi na zikiwa futi ngapi. Alafu piga hesabu. Ndege inayoshuka kwa nyuzi 3 inapoteza kama futi 320 kila maili moja ya baharini, yaani ikibakiza maili 5 iko kama futi 1,600 juu ya uwanja, ikibakiza 10 iko kama 3,200. Sasa huko maili 10 kwa nini ufunge anga mpaka ardhini? Pandisha sakafu, yaani pale chini anga hilo linapoanzia, watu wa glaida (ndege zisizo na injini) wapite chini yake kwa amani. Ila angalia vizuri, ndege nyingi zinanyooka kwanza kwenye urefu fulani kabla hazijaanza kushuka, kwa hiyo sakafu ipime kutokea hapo na uache nafasi ya usalama.

Viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, vinataka eneo linaloanzia ardhini lifike angalau maili 5 (km 9.3) kutoka katikati ya uwanja upande ndege zinakotokea, na anga la juu yake lisianzie chini ya futi 700 kutoka ardhini.

Klasi ya anga nayo, yaani herufi inayosema sheria gani zinafuatwa humo, ichague kwa makini. Kwenye D kila rubani lazima awe na redio na kibali, kwenye E anayeruka kwa kuona nje hahitaji kibali, na kwa uwanja wenye ndege chache mi naona E pembeni inatosha kabisa.

Watu wa glaida, droni na helikopta za wagonjwa waite kabla hujachora chochote, sio ukishamaliza, wao ndo wanajua bonde lipi linapitika mawingu yakishuka. Mipaka ifuate vitu rubani anaviona, mto, reli, barabara kubwa. Na mnara ukifungwa usiku anga nalo lifunguliwe, saa ziandikwe wazi.

Mabadiliko yanaanza kwa tarehe za AIRAC, kalenda ya kimataifa ya kubadilisha taarifa za anga, kila siku 28, na taarifa iwafikie marubani siku 28 kabla, yakiwa makubwa siku 56. Baada ya hapo hesabu kila mwezi wangapi wameingia bila kibali na wangapi wamenyimwa. Wakirundikana kona moja, kona hiyo ichorwe upya.