Darasa la kwanza, viwango tofauti: kabla ya kupanga viti

Mwalimu, wiki ya kwanza msikilize kila mtoto akisoma peke yake kwa dakika mbili. Mpe silabi kumi (ma, ku, be, di, so na nyingine), maneno matano, sentensi moja fupi. Wapo wanaokwama kwenye silabi, wanaosoma neno kwa kudokoa, na wanaoimaliza sentensi: hayo ndiyo makundi yako. Yapange upya kila baada ya wiki mbili, la sivyo kundi la chini linageuka jina la utani.

Kadi za silabi kata kwenye maboksi, herufi ziwe za sentimita tano hivi, wino mweusi. Zikiwa ndogo, mwenye uoni hafifu hufuata sauti za wenzake, nawe utadhani anasoma. Mpime kwa kuchanganya kadi: alizoea "ba-ba", wewe weka "ba-da". Na tafadhali, b na d zisifundishwe katika wiki ile ile, maana zinafanana.

Asiyesikia vizuri akae mbele, sikio lililo zima likuelekee. Usisimame dirisha likiwa mgongoni mwako, maana uso unaingia kivuli na midomo haionekani. Kosa kubwa zaidi ni kuongea huku unaandika ubaoni. Andika, geuka, ndipo useme.

Asiyeongea Kiswahili nyumbani mwonyeshe kitu chenyewe kwanza: kikombe, jembe, yai. Akikitaja kwa Kisukuma, likubali jibu, kisha mtamkie neno la Kiswahili, mligawe silabi pamoja kwa kupiga makofi: ki-ko-mbe, matatu.