Miezi Mitatu Kabla ya Kushika Mimba: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Mrija unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya siku 28 tangu mimba itungwe. Kwa mwenye mzunguko wa siku 28, hapo hedhi imechelewa wiki mbili tu, na pengine bado anadhani ni uchovu. Kadi ya kliniki ikifunguliwa mwezi wa tatu wa ujauzito, kazi hiyo ilishakwisha zamani.

Hatua ya 1: Panga mwezi, kisha rudi nyuma miezi mitatu

Kama una mtoto mdogo, subiri atimize miezi 24 kabla ya kutafuta mimba nyingine. Ukitoa kijiti au kitanzi, uwezo wa kushika mimba hurudi haraka. Sindano ya miezi mitatu ndiyo inayochelewesha: mimba inaweza kukawia hadi miezi 10 au zaidi tangu sindano ya mwisho, na huo si ugumba. Iache mapema, utumie kondomu wakati unajiandaa.

Dawa za "kusafisha kizazi" huna haja nazo. Mfuko wa uzazi hujisafisha wenyewe kwa hedhi, na vitu vinavyowekwa ukeni huvuruga bakteria walinzi na kufungulia njia maambukizi.

Hatua ya 2: Anza foliki asidi

Kipimo cha vitamini hii ni mikrogramu 400 (miligramu 0.4) kila siku, mpaka wiki ya 12 ya ujauzito. Ndicho kinachopunguza hatari ya mgongo wazi, yaani mrija ule kutofunga vizuri. Mboga za majani na unga ulioongezwa virutubishi vinasaidia, lakini havitoshi peke yake.

Hapa ndipo wengi hukosea dukani. Kidonge cha foliki kinachopatikana kwa urahisi mara nyingi ni cha miligramu 5, zaidi ya mara 12 ya unachohitaji. Hicho huandikiwa mwenye sababu: aliyewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi, mwenye kisukari, selimundu (sikoseli), au anayetumia dawa za kifafa. Tena kiwango hicho hudhoofisha SP, dawa ya kukinga malaria utakayopewa kliniki ukishapata mimba. Soma namba kwenye pakiti. Vidonge vya chuma na foliki vya kliniki huwa na miligramu 60 za chuma na 0.4 za foliki; vinafaa kwa wengi, ila mwenye selimundu asivimeze kabla ya kupimwa. Choo kikiwa cheusi usishtuke. Chai ikae mbali na kidonge kwa saa moja au mbili, kwa kuwa huzuia chuma kisifyonzwe.

Hatua ya 3: Pimeni wote wawili

VVU, kaswende, homa ya ini B, kundi la damu na Rh (ile chanya au hasi ya kundi la damu), na selimundu. Mama aongeze wingi wa damu (chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu, utibiwe kwanza), shinikizo la damu na sukari.

Kuhusu selimundu, baadhi ya vipimo vya haraka havitofautishi mbebaji na mgonjwa. Ombeni elektroforesi ya himoglobini, kipimo cha maabara kinachoonyesha aina ya himoglobini. Mkiwa wote AS (wabebaji), kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kupata mtoto mgonjwa. Si kwamba watatu wa mwanzo watapona na wa nne ndiye ataugua. Hesabu huanza upya kila mimba.

Mama akiwa Rh hasi na baba chanya, andikeni mapema: atahitaji sindano ya anti-D, inayozuia mwili wake kutengeneza kinga dhidi ya damu ya mtoto, ndani ya saa 72 baada ya kujifungua mtoto mwenye Rh chanya, na mimba ikiharibika amwone daktari ndani ya muda huohuo. Mwenye VVU aendelee na dawa na asubiri virusi vifubae. Chanjo ya rubela ikitolewa, subirini mwezi mmoja.

Hatua ya 4: Peleka dawa zako kwa daktari

Enalapril na losartan (za presha), valproate (ya kifafa) na methotrexate (ya baridi yabisi na saratani) zinaweza kumdhuru mtoto. Usiziache mwenyewe, degedege au presha iliyopanda ni hatari vilevile. Omba ubadilishiwe kwanza. Mwenye kisukari ashushe HbA1c (wastani wa sukari ya miezi miwili hadi mitatu) chini ya asilimia 6.5 ikiwezekana.

Acheni pombe na sigara, baba pia, maana mbegu zake huchukua takriban miezi mitatu kukomaa. Mkorogo uwekwe kando: baadhi una zebaki. Hamu ya kula udongo mara nyingi huashiria upungufu wa damu.

Hatua ya 5: Hesabu siku

Yai hutoka takriban siku 14 kabla ya hedhi *inayofuata*, si siku ya 14 kwa kila mtu. Mzunguko wa siku 32 hulipeleka siku ya 18, ukihesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi, hivyo kutaneni kati ya siku ya 13 na 18. Kila baada ya siku mbili inatosha.

Mwaka ukipita bila mimba, au miezi sita kama mama ana miaka 35 na kuendelea, nendeni hospitali pamoja. Baba naye atapimwa mbegu. Akae bila tendo siku 2 hadi 7 kabla ya kutoa sampuli.